Sufuria ya Ukurasa wa Sitini na Mbili

Bi Nhung alipata habari za sufuria yake pamoja na mtaa mzima, saa kumi na mbili na robo asubuhi, upawa ukiwa bado ndani ya sufuria hiyo hiyo.

Kipaza sauti cha kata, kilichofungwa kwenye nguzo ya umeme juu ya kibanda chake, kilikohoa mara mbili. Kikatangaza siku ya chanjo ya mbwa. Kikawakumbusha wanaotupa taka kutoka ghorofani kwamba wanajulikana kwa majina. Kisha sauti ya Bwana Cung, mwenyekiti wa mtaa, ikapanda kwa furaha: katika shindano la insha kuhusu historia ya mji wetu wa Vinh, Ndugu Khoan wa jengo la tatu, karani wa posta, ameshinda zawadi ya pili!

"Na si hayo tu," kikaendelea kipaza sauti. "Familia ya Ndugu Khoan imekubali kwa moyo mmoja kuukabidhi mji sufuria yake ya kihistoria, iliyofuliwa kutokana na bawa la ndege ya adui, kama ilivyoelezwa katika ukurasa wa sitini na mbili. Makabidhiano ni Jumapili. Tunaipongeza familia!"

Wateja tisa waliokuwa kwenye vigoda vya plastiki wakaacha kutafuna. Wote wakaigeukia sufuria. Nhung naye akaitazama, maana katika miaka ishirini na mitano ya kuikoroga hakuwahi kuambiwa kwamba imewahi kuruka.

"Hiyo?" akauliza dereva mmoja wa bodaboda, kijiko hewani. "Hiyo hiyo ya uji?"

"Kula," akasema Nhung.

"Nakula, shangazi. Ila sasa naogopa kupaa."

Kibanda kizima kikacheka. Nhung akacheka pia, kwa meno tu. Moyoni alikuwa ameshafika ghorofa ya nne na kumkaba mtu.

Mtu huyo, mumewe, tuseme ukweli, hakuwa mbaya. Khoan hakunywa, hakucheza kamari, wala hakuwa na mwanamke pembeni. Ugonjwa wake ulikuwa mashindano ya insha. Kila kata au chama kilipotangaza shindano, iwe ni usalama barabarani, kuzuia moto, au uzazi wa mpango ambao kwa umri wake ulikuwa umeshampita, Khoan alinunua karatasi nzuri, akanyoosha mgongo na kuandika. Mpaka hapo alikuwa amejizolea zawadi za kifuta jasho kumi na moja: miavuli minne, makoti ya mvua mawili na saa za ukutani tano, ambazo hazikuwahi kukubaliana.

Insha hii ilikuwa kurasa tisini na sita, kwa mkono, yenye jalada la hariri nyekundu na utepe. Ilianza na mfalme aliyeuchagua mji huu uwe makao makuu yake akafa kabla ukuta haujakauka. Ikapita kwenye reli na karakana za Wafaransa, ikafika mwaka ambao wenyeji walipewa amri ya kuubomoa mji wao ili adui asipate pa kulala, wakaubomoa kwa bidii hadi adui mwenyewe akashangaa. Ikaja kwenye mabomu yaliyobomoa kilichosahaulika, na mwisho Wajerumani wa Mashariki waliokuja kujenga haya majengo marefu ambamo Nhung alipanda ngazi asubuhi ile akiwa bado na aproni.

*

"Umeitoa sufuria yangu," akasema, hata hajavua kandambili.

Khoan alikuwa anapiga pasi shati jeupe. "Sijaitoa. Nimeikabidhi."

"Kwa nani?"

"Kwa vizazi vijavyo."

"Na vizazi vilivyopo, vinavyokuja kesho saa kumi na mbili vina njaa, nivipe nini? Niwape insha?"

"Mama Linh, punguza sauti. Majirani."

"Majirani wameshasikia kwenye nguzo! Mimi ndiye wa mwisho mjini hapa, na sufuria ni yangu!"

Khoan akaweka pasi pembeni. Akaeleza kwa upole, jinsi anavyowaeleza watu waliokosea kuandika anwani. Sufuria ni sufuria tu, madukani zimejaa. Lakini bawa la ndege! Baba yake alilifua bawa lile kwa nyundo, usiku na mchana, na sufuria ikapika uji wa vijana waliokuwa wakivusha magari kwenye kivuko cha Ben Thuy mabomu yakianguka. Baba alimsimulia hayo tangu utotoni, kila walipokaa kula. Majaji walilia waliposoma ukurasa huo. Mmoja alitoka nje.

"Labda alikwenda chooni," akasema Nhung. "Kurasa tisini na sita ni nyingi."

Khoan akarudi kwenye pasi yake. Hapo Nhung akaona kitu kilichomnyima nguvu: masikio ya mumewe yalikuwa mekundu kama ya mtoto wa shule aliyesifiwa. Miaka thelathini dirishani akigonga mihuri kwenye barua za watu wengine, na leo jina lake limetajwa kwenye nguzo baada ya mbwa na taka.

Lakini sufuria ilikuwa sufuria. Uji wa mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, si wali. Ukiupika kwenye bati jepesi unashika chini, na ukishashika, harufu ya kuungua inapanda hadi kwenye bakuli na hakuna kitunguu wala pilipili ya kuificha. Sufuria ile ilikuwa nene chini, pana tumboni, nyembamba mdomoni. Moto ulipanda polepole na kukaa. Kwa sufuria ile Nhung alikuwa amemsomesha mwanawe Linh hadi akawa mfamasia huko Hanoi, akazibadilisha mbao za sakafu, na kuulisha mshahara wa posta ambao kila mwezi ulifika ukiwa umechoka. Bakuli moja dong elfu thelathini, na kufikia saa nne hakuna kilichobaki. Bila sufuria ile, alikuwa mwanamke mwenye kibanda na mikunga hai kwenye beseni.

"Sitoi," akasema.

"Imeshatangazwa," akasema Khoan, kama mtu anayesema mvua imeshanyesha.

*

Alhamisi Bwana Cung alipanda ngazi mwenyewe, akihema, akiwa na msichana wa chumba cha kumbukumbu za mji aliyeitwa Thoa, na boksi kubwa lenye utepe.

"Shemeji!" akasema Cung. "Mtaa unakujali. Hatuchukui bila kurudisha." Akafungua boksi. Ndani mlikuwa na sufuria mpya ya chuma cha pua, inayong'aa hadi kutia uchungu machoni, na tumboni imeandikwa kwa rangi nyekundu: SHUKRANI ZA KATA KWA FAMILIA YA MFANO.

Nhung akaigonga chini kwa ukucha. Ikalia *tii*.

"Nyepesi," akasema.

"Ya kisasa!"

Thoa alikuwa msichana mwenye adabu na glavu nyeupe. Aliomba aoneshwe kitu chenyewe. Akaipima sufuria kimo, upana na uzito, akaipiga picha pande nne, akaandika kwenye fomu. Nhung alisimama kando, mikono imelowa maji ya mikunga, akitazama jinsi sufuria yake inavyoshikwa kama kichanga cha siku saba.

"Shangazi, kuanzia leo tusiipikie tena," akasema Thoa. "Na tafadhali usiioshe. Masizi haya yana thamani. Ni historia."

"Masizi hayo ni ya leo asubuhi, mwanangu."

Thoa akasita, akaangalia fomu. "Yapo ya chini zaidi," akasema.

Kisha akamwomba Nhung asimame karibu na sufuria kwa picha ya ukumbusho. Nhung akasimama. Akaombwa asitabasamu, afikirie vita. Nhung alizaliwa vita vikiwa vinaisha na hakuwa na cha kufikiria, kwa hiyo akamfikiria mumewe. Picha ikatoka nzuri sana. Thoa alisema ina uchungu wa kweli.

Pembeni, kwenye kiti cha mwanzi, mama yake Khoan, Bibi wa miaka themanini na mitatu, alikuwa anatafuna tambuu na kutazama yote haya. Masikio yalimsaidia siku zingine tu. "Wanainunua?" akauliza.

"Wanaichukua, mama," akasema Nhung.

"Haa," akasema Bibi. "Mwaka gani huu?"

*

Ijumaa uji ulishika chini saa kumi na mbili kasoro dakika kumi.

Nhung alikuwa amepunguza moto, ameongeza maji, amekoroga hadi bega likawaka. Haikusaidia. Wateja walikaa, wakaonja, wakatazamana. Watu wa Vinh hawajui kulaumu moja kwa moja, wanazunguka.

"Shangazi," akasema dereva wa bodaboda, "leo umetupikia mabomu yenyewe?"

"Ni historia hiyo, kula," akasema mwingine. "Ukurasa wa sitini na tatu."

Mwalimu mstaafu aliyekula hapo kila asubuhi kwa miaka kumi na minane alimaliza bakuli lake kwa heshima, akalipa, akatoka bila kuaga. Nhung akamfuata kwa macho. Alimwona anavuka barabara na kukaa kwenye kibanda cha Bi Hoe anayeuza supu ya tambi. Kukimbiwa na mteja ni jambo moja. Kumwona akiomba nyongeza ya pilipili kwa adui yako ni jambo lingine kabisa.

Saa nne, robo tatu ya uji ilikuwa bado ipo. Khoan aliporudi kutoka kazini kula mchana alipewa uji. Jioni uji. Asubuhi ya Jumamosi, kabla ya kwenda kazini, uji.

"Una ladha ya moshi kidogo," akasema kwa uangalifu.

"Ni thamani hiyo," akasema Nhung. "Usiioshe."

Alipobaki peke yake na Bibi, akaitazama sufuria ya zamani pale kwenye meza ndogo, imefunikwa kitambaa cheupe kama maiti wa cheo. Waliichukua, wakamfukuza mteja wa miaka kumi na minane, na bado wakamwambia asiioshe! Kuambiwa na msichana wa glavu usioshe sufuria yako nyumbani mwako, mbele ya mama mkwe! Akaivuta chini, akaipindua ndani ya beseni, akachukua waya wa kusugulia na majivu, akasugua. Akasugua masizi ya Alhamisi, ya Jumatano, ya uchumba wake na ya mimba ya Linh. Alisugua hadi yale ya chini zaidi, na chini zaidi pakaanza kung'aa, na penye kung'aa pakatoka maandishi.

Yalikuwa yamegongwa kwa mashine, herufi zimenyooka mstarini: KANTINE 3. Chini yake mwaka: 1975.

Nhung hakuwa amesoma sana, lakini kuhesabu alijua. Mwaka huo ndege za adui zilikuwa zimeshaacha kuja. Na hakuna nyundo ya mtu inayoandika hivyo.

"Mama!" akasema kwa nguvu sikioni mwa Bibi. "Sufuria hii ilitoka wapi?"

"Ipi?"

"Hii! Ya uji!"

"Hiyo?" Bibi akatema tambuu kikoponi. "Kwa Wajerumani. Waliokuwa wanajenga hapa. Mpishi wao alitaka jogoo, nikampa jogoo. Jogoo mwenyewe alikuwa mgonjwa kidogo, lakini sikumwambia."

Nhung akakaa chini kwenye sakafu yenye maji. Akacheka mpaka machozi. Sufuria ilikuwa imepona! Kesho atasimama mbele ya ukumbi, ataipindua, na kila mtu atasoma. Atainua sufuria yake mabegani arudi nayo nyumbani, na uji wa Jumatatu utakuwa uji.

Akaifunika tena kitambaa.

*

Ukumbi ulijaa. Palikuwa na maua ya plastiki, pazia jekundu, na feni mpya ya kusimama iliyofungwa utepe, ambayo ndiyo zawadi ya pili. Bibi aliwekwa mstari wa mbele kama mjane wa mhunzi shujaa, na akawa anatikisa kichwa kwa kila anayemsalimu. Nhung alikaa pembeni yake katika nguo yake ya harusi za watu. Alikuwa ameshajipangia: mara tu Khoan atakapotaja bawa, atanyanyuka.

Khoan akapanda jukwaani. Karatasi alikuwa nazo, lakini alipofika kwenye kipaza sauti aliziweka chini.

"Baba yangu," akasema, "hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa anabeba matofali. Akirudi, mikono yake haikunjiki. Lakini tukikaa kula, alikuwa anaipiga sufuria hii kwa kijiko, *kong*, ananiambia, 'Sikia. Hili ni bawa. Ukila kilichopikwa kwenye bawa, utakwenda mbali.' Mimi sikwenda mbali. Nimekwenda posta." Watu wakacheka kidogo. "Lakini kila siku nilikula nikiamini kwamba nakwenda. Ndiyo hayo. Sina mengine."

Akafuta macho kwa tai.

Nhung alikuwa ameshanyanyua makalio kwenye kiti. Akayarudisha. Alijaribu tena kunyanyuka, akaifikiria mikunga, akamfikiria mwalimu mstaafu kwa Bi Hoe. Mjinga, akajiambia, mjinga mkubwa, unaipoteza. Na bado akakaa. Uchungu ulimshika kweli, kwa sufuria na kwa mwanamume yule, na hakujua ni upi ulio mkubwa.

Hapo ndipo Khoan, kwa kujawa na hisia, alipoinua sufuria juu kwa mikono miwili. "Tazameni," akasema, "alama za nyundo ya baba yangu!" Akaipindua kuelekea ukumbini.

Taa ya jukwaa ikaangukia pale Nhung aliposugua. Mstari wa mbele ukasoma. Mstari wa pili ukasoma. Bwana Cung, ambaye hakuwahi kukaa na neno mdomoni, akasoma kwa sauti: "Kantini namba tatu."

Khoan akageuza sufuria taratibu, akasoma mwenyewe, midomo ikimcheza.

"Inawezekana," akasema Cung kwa haraka, jasho likimtoka, "ndege yenyewe ilikuwa na kantini!"

Mtu wa nyuma akapasuka kicheko, na wengine wakafuata, hadi wale wa meza kuu wenye beji. Khoan alisimama katikati ya kicheko hicho na sufuria kifuani. Alimtafuta mkewe kwa macho, akaitazama ile sehemu iliyosuguliwa, na Nhung akaona kwamba ameelewa. Akateremka ngazi tatu za jukwaa hadi alipokaa mkewe.

"Ulijua," akasema.

"Tangu jana."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unamsema baba yako vizuri."

Khoan akamgeukia Bibi. Akapiga magoti mbele ya mama yake, suti na yote. "Mama! Baba alinidanganya?"

Siku hiyo masikio ya Bibi yalikuwa yanafanya kazi. "Alikudanganya nini? Ulikuwa hutaki kula," akasema, kwa sauti ya viziwi inayofika hadi mlangoni. "Miaka sita ulikuwa, mbavu zinahesabika. Ndani mlikuwa na maji, chumvi na mihogo miwili. Ulikuwa unalia unataka nyama. Sasa angekwambia nini? Kwamba ni sufuria ya kantini, wenyewe wameshakula nyama yao wameondoka?" Akasogeza tambuu shavu la pili. "Akasema bawa. Ukala."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Khoan akainuka, akarudi jukwaani na kushika kipaza sauti.

"Ukurasa wa sitini na mbili naufuta," akasema. "Feni bakini nayo. Na kuna kosa lingine ambalo majaji hawakuliona. Nilitoa kitu kisicho changu."

Lakini Thoa alikuwa ameshafika kwenye sufuria, akiyafuata maandishi kwa kidole cha glavu. Hii ni bora zaidi! Vipande vya ndege wanavyo vitano, alisema, vinashika kutu stoo. Lakini chombo cha jikoni cha wajenzi wa mji, chenye mhuri, chenye mwaka, hakuna mtu aliyeleta hata kimoja! Hiki ndicho chenyewe! Meza kuu ikaanza kunong'ona na kutikisa vichwa kwa kukubali. Bwana Cung alianza kupiga makofi, na makofi yakasambaa, na Nhung akaona sufuria yake inaondoka kwa mara ya pili, safari hii kwa haki.

Khoan akaikumbatia sufuria. "Nimeshasema si yangu," akasema. "Muulizeni mwenyewe."

Thoa akageuka. Akavua glavu, maana hata yeye aliona haya, akasogea mpaka kwenye kiti.

"Shangazi Nhung," akasema, "je, wewe unakubali kuutolea mji sufuria yako?"

Ukumbi mzima ukamtazama. Tangu Jumatano sufuria ile ilikuwa imetangazwa, imepimwa, imepigwa picha, imeshukuriwa kwa herufi nyekundu na kupigiwa makofi. Hii ilikuwa mara ya kwanza yeye kuulizwa. Nhung akajinyoosha kitini na kuweka mikono magotini.

"Sijasikia vizuri," akasema. "Hebu niulize tena."

Thoa akauliza tena, kwa sauti zaidi, ili na wa nyuma wasikie.

"Hapana," akasema Nhung.